Draiva Kabla ya Mnara: Kadi za Kwanza za Waifai na Swali la Milima ya Vidunda

Swali la mawasiliano vijijini limezoeleka kuulizwa kwa sura moja: mnara utajengwa lini? Mbunge huliuliza bungeni, waziri hujibu kwamba kata husika itaingizwa katika awamu ijayo ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na wananchi huendelea kupanda kilimani, simu juu, wakitafuta mtandao. Swali ni halali. Ila kwa nchi ya milima halitoshi.

Tuichukue milima ya Vidunda, wilayani Kilosa. Safu hii iko kusini mwa mji wa Mikumi, magharibi mwa barabara inayopita Kidodi na Ruaha kwenda Kidatu, na upande wa kusini inakomea kwenye korongo la Mto Ruaha Mkuu, ng'ambo yake ikiwa milima ya Udzungwa. Bondeni kuna mashamba ya miwa, viwanda vya sukari, lami na nguzo za umeme. Juu, kwa Wavidunda wenyewe, vijiji vimetawanyika kwenye migongo na mikunjo ya mlima, na mahindi na maharage hulimwa kwenye miteremko ambayo mgeni huiogopa hata kuipita kwa miguu. Mnara uliosimikwa bondeni huuona uso wa mlima unaoutazama. Kijiji kilicho nyuma ya mgongo hakiguswi, hata kikiwa karibu na mnara kuliko mji wenyewe.

Kwa sababu hiyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa mitandao katika nchi nyingi zinazoendelea wamekuwa wakijaribu njia nyingine: kuichukua intaneti pale inapopatikana, kando ya barabara kuu au reli, kisha kuirusha kwa redio ndogo za bei nafuu kutoka kilele hadi kilele mpaka ifike shuleni, kwenye zahanati na ofisi ya kijiji. Redio hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zilikuwa kadi za kompyuta mpakato, zilizokusudiwa mfanyakazi wa ofisini Ulaya au Marekani aweze kuhama meza bila kuburuta waya. Baadhi zilikubali kazi mpya na kuifanya vizuri. Nyingine, zenye redio nzuri vilevile, ziligoma. Hoja ya makala haya ni kwamba kilichozitenganisha, kwa sehemu kubwa, kilikuwa draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, pamoja na haki ya kuiandika na kuirekebisha. Kadi zenyewe zimeshazeeka, lakini somo lake linagusa moja kwa moja namna tunavyonunua vifaa vya mtandao leo.

Kadi zilikotoka

Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vya mawasiliano kutumia bila leseni masafa ambayo hadi hapo yalikuwa yametengewa mashine za viwandani, za hospitalini na za majumbani, yakiwamo ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na jiko la maikrowevu. Kampuni ya NCR, iliyokuwa ikiuza mashine za malipo za madukani, iliona mwanya: duka likipanguliwa na kupangwa upya, mashine zihame bila kufumua waya ukutani. Wahandisi wake nchini Uholanzi wakatengeneza WaveLAN. Mmoja wao, Vic Hayes, aliongoza kamati ya IEEE iliyotoa kiwango cha 802.11 mwaka 1997, chenye kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikafuata 802.11b, megabiti 11, na hapo waifai ikaanza kuingia sokoni kwa kishindo. Mwaka huohuo Apple ilizindua AirPort, ambayo ndani yake ilikuwa na teknolojia ya Lucent, warithi wa WaveLAN.

Kadi za wakati ule ziliuzwa kwa majina mengi, lakini sehemu kubwa ilikuwa na chipu za familia mbili: Hermes ya Lucent, iliyokuwamo kwenye kadi za WaveLAN na ORiNOCO, na Prism ya Intersil, iliyokuwamo kwenye kadi za kampuni chungu nzima. Mnunuzi aliona rangi ya boksi. Kompyuta iliona chipu.

Tanzania tuliingia kwa kuchelewa. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ililegezwa taratibu tu. Kampuni za kwanza za intaneti zilianza katikati ya miaka ya 1990, zikitegemea satelaiti, na mkongo wa baharini wa SEACOM haukufika Dar es Salaam hadi mwaka 2009. Kwa hiyo kadi za waifai zilitua nchini wakati uunganisho wa satelaiti ni ghali na laini za simu za mezani hazifiki kila mtaa. Kugawana uunganisho mmoja kwa redio kulikuwa na maana ya kiuchumi kabla ya kuwa na maana ya kiufundi. Na zilifika kwa njia ile tunayoijua: kompyuta zilizotumika, za msaada au za mtumba, bila boksi, bila kitabu cha maelezo na bila diski ya draiva.

Draiva hufanya nini

Anayeijua reli ya Kidatu hatahitaji maelezo marefu. Tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa kupitia Mikumi lina upana wa milimita 1,000. TAZARA, inayopita hapohapo Kidatu kuelekea Ifakara, Mlimba na Makambako, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, lakini inatosha kulifanya behewa la reli moja lisiweze kupita kwenye nyingine. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya, na asiye na wahamishaji hapo katikati ana reli mbili nzima na mzigo usioenda popote.

Draiva ndiyo kazi hiyo ya kuhamisha mzigo. Upande mmoja kuna mfumo endeshi wa kompyuta, Windows au Linux, unaojua kutuma na kupokea vifurushi vya data kwa namna moja ya jumla. Upande wa pili kuna chipu inayotaka kuambiwa kwa namna yake: andika namba hii kwenye rejista ile, subiri ishara fulani, soma jibu pale. Anayejua namna hiyo ni mtengenezaji. Asipoitoa, kadi hubaki plastiki na shaba.

Kadi za waifai ziliongeza ugumu mwingine. Kadi ya mtandao wa waya ina kazi chache: kebo imechomekwa au haijachomekwa. Kadi ya redio inapaswa kujua jina la mtandao inaoutafuta, chaneli, ufunguo wa usiri na kasi, na kama inazungumza na kituo kikuu au na kompyuta mwenzake. Zaidi ya hayo, ndani ya kadi mna kompyuta ndogo yenye programu yake, famwea, inayoshughulikia mambo ya mikrosekunde ambayo kompyuta kubwa haiwezi kuyawahi. Draiva ya toleo moja na famwea ya toleo jingine zinaweza kukataa kuelewana. Famwea za mwanzo za Lucent, kwa mfano, zilikuwa na mtindo wao wa kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, na mtindo huo haukuelewana na kadi za watengenezaji wengine mpaka famwea ilipopandishwa toleo.

Mlio wa kwanza na wa pili

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Chukua kompyuta mpakato ya mwaka 2002 hivi, yenye Linux, na kadi ya ORiNOCO. Kadi ina umbo la kadi ya benki iliyonenepa kidogo, na kipande chenye antena hubaki kimechomoza nje ya tundu. Ukiisukuma ndani, programu iitwayo cardmgr husoma utambulisho wake na kuulinganisha na orodha iliyohifadhiwa kwenye saraka ya /etc/pcmcia. Ikiitambua, kompyuta hutoa mlio mmoja mwembamba. Kisha draiva hupakiwa. Ikipatana na kadi, husikika mlio mwembamba wa pili. Mlio wa pili ukiwa mzito, kazi imekwama, na fundi hufungua kumbukumbu za mfumo kutafuta sababu.

Milio miwili mizuri ilimaanisha kadi imepokewa. Kuunganishwa ni hatua nyingine. Hapo fundi aliandika amri ya iwconfig na kuipa kadi mambo manne: jina la mtandao, namna ya kufanya kazi, chaneli na ufunguo. Kila moja lilikuwa na mtego wake.

Jina la mtandao hutofautisha herufi kubwa na ndogo. "Mikumi" na "mikumi" ni mitandao miwili. Chaneli ilikuwa na mtego wa kijiografia. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 Marekani huruhusu chaneli 1 hadi 11, na nchi nyingi za Ulaya 1 hadi 13. Kadi iliyouzwa Marekani ilifungwa isivuke 11, na kizuizi hicho kilikaa ndani ya kadi yenyewe. Kwa hiyo kituo kilichonunuliwa Ulaya na kuwekwa kwenye chaneli ya 13 kilikuwa hakipo kabisa machoni pa kompyuta iliyotoka Marekani, ingawa vimekaa meza moja. Katika nchi inayopokea vifaa kutoka Dubai, Uingereza na Marekani kwa pamoja, kosa hili halikuwa la nadra, na hakuna ujumbe wowote kwenye skrini uliolieleza.

Ufunguo nao ulikuwa na jambo lake. Usiri wa wakati huo, WEP, ulikuwa na funguo za herufi 5 au 13, ambazo pia ziliweza kuandikwa kwa tarakimu 10 au 26 za mfumo wa heksadesimali. Kwenye Linux, ukiandika herufi za kawaida ulipaswa kutanguliza "s:" mbele yake. Ukisahau, ama amri inakataliwa, ama kadi inapokea ufunguo usio sahihi, inaonekana imeunganishwa, lakini hakuna kifurushi hata kimoja kinachopita. Na baada ya taabu yote hiyo, mwaka 2001 watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kwamba WEP yenyewe inavunjika. Waliokuwa na famwea na draiva zinazoweza kusasishwa walihamia usiri mpya wa WPA kuanzia mwaka 2003. Wengine walibaki na mlango usio na komeo.

Kadi za Prism zilileta mgogoro wa aina nyingine. Kwenye Linux kadi hiyohiyo iliweza kudaiwa na draiva tatu: orinoco_cs, hostap_cs, au ile ya mradi wa linux-wlan-ng, ambayo haikutumia iwconfig bali amri zake yenyewe. Mbili zikigombania kadi moja, hakuna iliyofanya kazi. Fundi alipaswa kuamua ipi ibaki na kuifuta nyingine kwenye orodha.

Kwa upande wa Windows kazi ilionekana rahisi: weka diski, bonyeza, anzisha upya. Urahisi huo ulitegemea diski. Bila diski, draiva ilipatikana kwenye intaneti, na intaneti ndiyo iliyokuwa ikisubiri draiva. Kwa mtu wa Mikumi hiyo ilimaanisha kupanda basi hadi Morogoro mjini, kilomita zipatazo 120, kwenda kwenye mgahawa wa intaneti na kurudi na faili ambayo huenda ni ya toleo jingine la Windows.

Nani ameshika siri ya chipu

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Kadi za Hermes na Prism ndizo zilizopendwa zaidi na wajenzi wa mitandao ya vijijini, na sababu haikuwa kasi. Kwanza, nyingi za ORiNOCO zilikuwa na tundu dogo la antena ya nje, lililofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Pili, maelezo ya chipu zake yalipatikana kwa kiasi cha kutosha watu wa nje kuandika draiva. Andreas Neuhaus aliandika draiva ya Linux akitumia maktaba ya programu iliyotolewa na Lucent. David Gibson na wenzake wakatengeneza draiva ya orinoco iliyoingia ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Jean Tourrilhes wa maabara za Hewlett-Packard alisimamia utaratibu wa pamoja, uliozaa iwconfig, ili amri moja itumike kwa kadi za kila kampuni.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Jouni Malinen wa Finland. Aligundua jinsi ya kuitumia hali fulani ya chipu ya Prism ili kadi ya kawaida ya kompyuta mpakato igeuke kuwa kituo kikuu cha mtandao. Kituo cha dukani kiliuzwa kwa bei kubwa. Kwa draiva yake, HostAP, kompyuta kuukuu na kadi moja vilifanya kazi hiyohiyo. Mtengenezaji hakuwa ameiuza kadi kwa matumizi hayo. Draiva ndiyo iliyoyafungua.

Linganisha na Broadcom, ambayo chipu zake zilijaa kwenye kompyuta mpakato za katikati ya miaka ya 2000. Kampuni hiyo haikutoa maelezo. Watumiaji wa Linux wakalazimika kutumia ndiswrapper, programu inayoiazima draiva ya Windows na kuihadaa idhani iko kwenye Windows. Wakati huohuo kundi la watu wa kujitolea lilichunguza draiva ya ruta fulani, amri kwa amri, hadi likaielewa chipu. Draiva yao iliingia kwenye keneli mwaka 2006. Hata hivyo famwea ilibaki mali ya kampuni, na mtumiaji alipaswa kuichomoa mwenyewe kutoka kwenye faili za Windows. Kazi ya miaka kadhaa ya wataalamu ilitumika kugundua upya jambo ambalo mtu fulani alikuwa nalo kwenye kabati.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mahususi kwa safari ndefu za redio. Kila kifurushi cha waifai kinapofika, mpokeaji hurudisha jibu fupi la kukiri. Mtumaji asipolipata ndani ya muda uliopangwa, huhesabu kifurushi kimepotea na kukituma tena. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja. Ofisini, kwenda na kurudi hakuchukui hata mikrosekunde moja. Kwa kiungo cha kilomita 10, safari hiyo ni mikrosekunde kama 67. Kadi iliyopangwa kwa ofisi itakata tamaa kabla jibu halijafika, itume tena na tena, na kiungo kitakuwa na mawimbi mazuri lakini data inasuasua. Dawa ni kurefusha muda wa kusubiri, na muda huo hupangwa na draiva au famwea. Ikiwa imefungwa, huna la kufanya.

Ushahidi mkubwa ulitoka Venezuela. Mwaka 2006 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 279 kwa ruta za kawaida za Linksys WRT54G na antena kubwa. Ruta hizo zilikuwa za nyumbani, lakini msimbo wake ulikuwa umewekwa wazi baada ya kubainika kwamba umejengwa juu ya Linux, na kutokana nao ukazaliwa mfumo wa OpenWrt mwaka 2004. Kwa kubadilisha programu na kurekebisha muda wa kusubiri, redio ya sebuleni ilivuka umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam hadi Mikumi kwa mstari ulionyooka. Mlima uliwasaidia; programu huria iliwaruhusu.

Uzoefu wa kwetu

Mwaka huohuo wa 2006 kilitoka kitabu cha Wireless Networking in the Developing World, kilichoandikwa na wataalamu wa mitandao ya namna hii na kugawiwa bure, na warsha za kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, zilifundisha mafundi kutoka Afrika kusanidi kadi na ruta hizi kwa mikono yao. Hapa nchini, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na chuo kikuu cha KTH cha Sweden, kwa msaada wa Sida, waliendesha mradi wa mtandao wa vijijini katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara, wakiunganisha shule, hospitali na ofisi za halmashauri kwa nyaya za mwanga na viungo vya redio. Amos Nungu, ambaye baadaye alikuja kuiongoza COSTECH, aliufanyia mtandao huo utafiti wake wa uzamivu. Swali lililotawala kazi hiyo lilikuwa uendelevu: mtandao ukishasimama, nani ataubeba?

Baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma na Internet Society walianzisha mtandao wa jamii Kondoa, uliojaribu kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika, ambayo hupenya miti na kupinda mlimani vizuri kuliko gigahezi 2.4. Karibu zaidi na Vidunda, kwenye Ruaha uleule lakini juu zaidi, vijiji vya Migoli na Izazi mkoani Iringa vilipata vituo vya taarifa kupitia mradi wa DigI, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilikuwa mshirika wake. Vituo hivyo vilitoa bure taarifa za afya, ikiwamo elimu ya minyoo tegu ya nguruwe, kutoka kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa hapohapo kijijini.

Kuna juhudi moja zaidi ya kukumbuka. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi kwa Kiswahili. Menyu zikasomeka. Lakini tabaka la chini, la draiva na ujumbe wake wa makosa, lilibaki kwa Kiingereza, na ndilo tabaka ambalo fundi wa kijijini hukwama. Tulitafsiri sebule tukaliacha jiko.

Mlima wenyewe una masharti gani

Tukirudi Vidunda, sharti la kwanza ni kuonana. Kwa gigahezi 2.4 haitoshi mstari wa macho upite juu ya kilele cha katikati kwa kubahatisha. Mawimbi huhitaji nafasi ya kupumua kuuzunguka mstari huo. Kwa kiungo cha kilomita 10, katikati ya njia nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha mita 17.5 hivi, na walau asilimia 60 yake, mita 10 na ushei, iwe wazi. Mti uliokuwa mdogo siku ya kusimika antena utakua na kuziba. Majani yaliyolowa wakati wa masika hunyonya mawimbi kuliko majani makavu ya Septemba, hivyo kiungo kilichopimwa kiangazi kisihesabiwe kuwa salama hadi kimevuka mvua.

Sharti la pili ni umeme. Kituo cha Kidatu, chini ya milima hii, kina uwezo wa megawati 204, lakini umeme wa bwawa si umeme wa kila kilele, na kituo cha kurushia mawimbi hukaa kileleni, si penye nguzo. Hapa kadi za zamani zina somo zuri: ORiNOCO ilitumia chini ya wati moja na nusu inapotuma. Kazi ya redio si mlaji mkubwa. Paneli ndogo ya sola na betri vinatosha, mradi kompyuta inayoibeba redio nayo iwe ya kiasi na draiva ijue kuilaza kadi wakati haina kazi.

Sharti la tatu ni chanzo. Mkongo wa Taifa, unaosimamiwa na TTCL, umefuata njia kuu za nchi, na Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Kutoka barabarani hadi mlimani ni kilomita ambazo redio inazimudu bila jasho. Sharti la nne ni sheria: masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na mtu asipandishe antena kileleni kwa sababu tu kadi haihitaji leseni Marekani.

Ukiyatazama masharti haya pamoja, hakuna hata moja linalohitaji kifaa cha ajabu. Yote yanahitaji kifaa kinachokubali kurekebishwa: muda wa kusubiri jibu, chaneli, nguvu ya kutuma, usingizi wa kadi. Marekebisho hayo yote hukaa kwenye draiva na famwea.

Je, swali limepitwa na wakati?

Mtu atasema kadi za ORiNOCO ziko jalalani, simu janja zina waifai iliyokwisha kusanidiwa kiwandani, na kizazi cha sasa hakijui kusubiri mlio wa pili. Ni kweli kwa mtumiaji. Kwa mjenzi wa mtandao si kweli. Vijiti vya waifai vya bei ya chini vinavyouzwa Kariakoo mara nyingi vina chipu ambazo draiva yake haimo ndani ya keneli. Mtumiaji wa Linux huijenga mwenyewe, na mfumo ukisasishwa, kijiti kinakufa. Ruta nyingi za kusimika juu ya paa huja na famwea iliyofungwa, na mtengenezaji akiacha kuisasisha baada ya miaka michache, kasoro za kiusalama hubaki juu ya mlima pamoja nayo.

Umri wa draiva unasema mengi. Draiva za Windows za kadi za 1999 zilikoma na matoleo ya Windows ya wakati wake. Draiva ya orinoco iliishi ndani ya keneli ya Linux kwa miaka 20 na ushei, hadi ilipoondolewa katika miaka ya karibuni kwa kukosa watumiaji. Kifaa kimoja, umri mara kadhaa, kwa sababu tu wengi waliruhusiwa kukitunza.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Uhuria peke yake haupandi mlima. Draiva ya wazi isiyo na fundi wa kuisoma haina faida zaidi ya iliyofungwa, na miradi mingi ya wafadhili imezimika si kwa siri za chipu bali kwa betri iliyochoka, radi, na kijana aliyefundishwa kisha akapata kazi mjini. Ndiyo maana draiva na fundi ni jambo moja lenye pande mbili.

Linalowezekana sasa

Hatua ya kwanza haina gharama: halmashauri, mashirika na shule zinapoandika zabuni za vifaa vya mtandao wa redio, ziweke sharti kwamba draiva yake iwe ndani ya keneli ya Linux au kifaa kikubali OpenWrt, na muuzaji athibitishe kwa kuonyesha. Sharti hilo la mstari mmoja litaondoa nusu ya vifaa vibovu kabla havijapakiwa kwenye gari.

Ya pili ni mafunzo karibu na mlima. Chuo cha VETA kipo Mikumi. Kozi fupi ya kusanidi redio, kupima njia ya mawimbi na kutunza sola, ikichukua vijana wawili au watatu kutoka kila kijiji badala ya mmoja, inapunguza hatari ya ujuzi wote kuondoka na basi moja.

Ya tatu ni maandishi. Kila kiungo kinachosimikwa kiachwe na daftari la Kiswahili lenye chipu iliyotumika, toleo la draiva na famwea, chaneli, umbali na muda wa kusubiri uliowekwa. Atakayekuja kukirekebisha baada ya miaka mitano hatakuwa yule aliyekisimika.

Mnara wa kampuni ya simu uendelee kudaiwa, kwa kuwa ni haki ya wananchi. Lakini mnara huamuliwa Dar es Salaam na Dodoma, kwa hesabu ya wateja wangapi watalipa. Kiungo kidogo cha redio kinaweza kuamuliwa Kidodi au Vidunda kwenyewe, mradi aliyekinunua ameuliza swali moja kabla ya kulipa: draiva ya kifaa hiki iko mikononi mwa nani?